Kabla ya kununua hatifungani ya miaka 20
Wafanyabiashara wenzangu wa Mwanza, hasa mnaohamishia faida ya dagaa wa Mwaloni Kirumba kwenye hatifungani za serikali, yaani mikopo mnayoipa serikali, naomba mzingatie kwamba kuponi, yaani riba ambayo hatifungani hulipa kwa mwaka, haibadiliki, lakini bei ya hatifungani hubadilika, nayo hushuka kila riba ya soko inapopanda. Tuseme umenunua kwa shilingi 1,000,000 hatifungani yenye kuponi ya asilimia 12, inayolipwa kila baada ya miezi sita, kisha wawekezaji wakaanza kudai asilimia 14: ikiwa imebakiza miaka 2 kuiva, yaani kufika siku ya kurudishwa mkopo, bei yake itakuwa takriban 966,000, ilhali ikiwa imebakiza miaka 20 itashuka hadi takriban 867,000, kwa sababu mnunuzi atavumilia malipo madogo kwa muda mrefu zaidi. Riba ikishuka, bei hupanda. Anayesubiri hadi iive hulipwa 1,000,000 yake kamili, kwa hiyo hasara hiyo humpata anayelazimika kuuza mapema. Fedha ya ada ya shule au ya kununulia nyavu mwakani, kwa maoni yangu, isiwekwe kabisa kwenye hatifungani ya miaka 20.