Jinsi ya Kutunza Miguu kwa Mwenye Kisukari Anayeishi Goma

Lava ya volkano ya Nyiragongo iliyopita katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2002 iliacha mawe meusi yenye makali, na mpaka leo watu huyakanyaga njiani na uani. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, nyayo hufa ganzi na damu huifikia miguu kwa shida. Hivyo kijiwe kinaweza kumkata mgonjwa asubuhi, naye asitambue mpaka jioni anapoona soksi imegandia kidondani.

Basi macho yafanye kazi ya maumivu. Kila jioni keti penye mwanga, ukague nyayo, visigino na hasa katikati ya vidole, ukitafuta lengelenge, mpasuko au uvimbe. Kwa kuwa wekundu hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, pitisha mgongo wa mkono juu ya miguu yote miwili, na mahali palipo na joto kuliko mguu wa pili pawe pa kutiliwa shaka. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni, au amwombe mjukuu amtazamie. Hilo halina aibu yoyote.

Osha miguu kwa maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, kisha uikaushe vizuri. Mafuta yapakwe kisiginoni, yasipakwe katikati ya vidole. Hata baridi ya jioni ikizidi, usiisogeze miguu kwenye jiko la makaa, kwani utaungua bila kuhisi.

Usitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Kandambili hazitoshi barabarani: tafuta viatu vya kufunika vidole, vipana, vyenye soli nene, na uvijaribu alasiri, wakati miguu imevimba kidogo. Vya mitumba vichunguzwe zaidi, maana vimekwisha kufuata umbo la mguu wa mtu mwingine. Kabla ya kuvaa, ingiza mkono ndani, kwa sababu kokoto moja tu inatosha kuleta kidonda.

Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, wala sugu isikatwe kwa wembe.

Ukiona jeraha, lisafishe kwa maji safi, lifunike kwa shashi bila kupaka majivu wala dawa ya meno, kisha uende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama haliumi. Ukifika, mwambie muuguzi kwanza kwamba una kisukari, ili asilichukulie kuwa jeraha la kawaida.