SOMO: Kupangua jina la mhusika mpaka litoe maneno mengine (soma kabla ya kuuliza)

Wakuu, kila nikibandika moja ya anagramu hizi, maswali ni yaleyale: umeipataje, nifanyie na mimi, kuna programu? Naweka yote hapa. Nikiulizwa tena nitakuwa natuma kiungo tu.

Anagramu ni herufi zote za jina, bila kuongeza wala kuacha hata moja, zikipangwa upya ziwe maneno mengine. SIMBA akipanguliwa anatoa MSIBA. FISI anatoa SIFI, na ukikumbuka anavyopigwa na kutapeliwa kila hadithi, kisha hadithi inayofuata yumo tena na njaa yake, utaona herufi zimesema kweli. Ikiwa matokeo hayamgusi mhusika, umepanga herufi tu.

Hatua ya 1. Andika jina kwa herufi kubwa.

Hatua ya 2. Amua tahajia moja. Hapa ndipo kazi nyingi zinafia, na moja yangu imo. Majina ya hadithi zetu yana tahajia zaidi ya moja: Abunuwasi na Abunuasi, Liyongo na Liongo. Unaanza na Abunuwasi, katikati unachungulia kitabu kinachoandika Abunuasi, W imeshaota miguu na wewe huna habari. Unabandika jibu, mdau wa kwanza anahesabu herufi, umeumbuka mbele ya watu.
Onyo: C haitembei bila H, kwa hiyo jina lenye CH limekufunga herufi mbili kwa kamba moja. SH, DH, GH na TH unaweza kuzitenganisha mradi kila moja ipate pa kukaa.
Onyo: ng' mimi naihesabu N na G, kibainishi nakidondosha. Ukiamua vingine, sema mapema, si baada ya kukamatwa.
Onyo: cheo. Bwana, Fumo, Mzee, ama kimo ama hakimo. Usikiingize dakika ya mwisho kwa sababu umepungukiwa A.

Hatua ya 3. Hesabu irabu. Maneno yetu yanaishia na irabu, kwa hiyo irabu zikiwa karibu nusu ya herufi, jina lina uhai. W na Y ni konsonanti, zisikudanganye.

Hatua ya 4. Kata vipande vya karatasi, herufi moja kila kipande.

Hatua ya 5. Chomoa neno moja linalomfaa mhusika, kisha tazama mabaki. Usijaribu kuona sentensi nzima kwa mkupuo. Chukua ABUNUWASI. Chomoa BUSU: zinabaki A, A, N, W, I, ambazo ni WANIA. Tayari, WANIA BUSU. Rudisha zote mezani. Chomoa SAWA: zinabaki B, U, U, N, I. Hapo wengi wanakata tamaa kwa sababu ya ile U ya ziada, wakati U peke yake ni neno kamili, kama katika "u mzima?" Kwa hiyo: BUNI, U SAWA. Kwa mtu aliyekula kwa kumzungusha Harun Rashid, sioni wosia unaomfaa zaidi. Jaribu tena kwa NAWA, unapata NAWA, IBUSU. Sijui anabusu nini.
Vijineno vya kukuokoa: U, NI, SI, NA, YU, TU. Na pendelea vitenzi vya kuamrisha, havidai viambishi.

Hatua ya 6. Kata herufi moja moja kwa kalamu, jina dhidi ya jibu. Kila mara.

Ninayoipenda kuliko zote ni ROSA MISTIKA, yule binti wa riwaya ya Kezilahabi (1971) ambaye baba yake, Zakaria, alimlinda kwa fimbo asiwasogelee wavulana. Herufi zake kumi na moja zinatoa KOSA MISTARI.

Uzi uko wazi.

—

mzee_wa_gazeti: Mkuu nifanyie yule mpelelezi wa riwaya, Willy Gamba, fasta

Mwandishi: Hatua ya 3. Irabu tatu, konsonanti saba. L mbili zinakula irabu mbili, inabaki moja ya kubeba W, Y, G, M na B. Haiwezekani.

mzee_wa_gazeti: ila ungejaribu tu

Mwandishi: Nimekwisha kujibu.

Kijana wa Ubungo: Mimi nimepata kali: UTUBORA = BORA UTU. Lete mkono

Mwandishi: Hiyo si anagramu. Shaaban Robert aliunganisha utu na bora, wewe umevunja maungio ukageuza. Maneno yote mawili yamebaki mazima.

Kijana wa Ubungo: Herufi si zilezile? Sheria yako umeitunga mwenyewe

Mwandishi: Herufi ni zilezile, sikatai. Ila hujapangua kitu. Chukua Utubora huyohuyo, anza na TUBU, uone kama O, R na A zitakupa chochote.

Mama Visoda: Karatasi feni ikipita zinaruka zote. Mimi natumia visoda, nimeandika herufi juu kwa maka peni. Watoto wamezigeuza mchezo wao, sasa nawaomba mimi.

Mwandishi: Hii naichukua.

dada_wa_maktaba: Swali la dhati. Kinyume walichokuwa wakizungumza wazee wa pwani ni kitu kimoja na hiki?

Mwandishi: Swali zuri sana hili. Ni ndugu, si pacha. Kinyume ni cha mdomo na kinahamisha silabi: ya mwisho inakuja mbele, nyumba inakuwa mbanyu. Hakidai kwamba litoke neno lenye maana, kinadai wa pembeni asielewe. Anagramu ni ya maandishi, inavunja hadi herufi, na lazima itoke maana. Mara chache vinakutana: fi-si ukiigeuza kwa kinyume ni si-fi. Kama una wazee nyumbani, anza na majina ya silabi mbili, watakuacha mbali.

Pendo_K: Kuna programu za mtandaoni, kwa nini tujitese?

Mwandishi: Nyingi zimelishwa orodha ya maneno ya Kiingereza. Hata ukiipa kamusi yetu, IBUSU haimo, kamusi ina "busu" tu. Viambishi ndivyo vinavyokupa ushindi, na hivyo unavijua wewe.

Pendo_K: Na yule Tom Marvolo Riddle wa Harry Potter? Nataka atoke kwa Kiswahili.

Mwandishi: Hatoki. Kwa Kiingereza anatoa "I am Lord Voldemort". Katika tafsiri ya Kifaransa jina lenyewe limebadilishwa likawa Tom Elvis Jedusor, ndipo likatoa "Je suis Voldemort". Ukiwa unatunga hadithi yako fanya hivyohivyo: anza na sentensi, kisha uzae jina. NI MSALITI ukiipangua unapata bwana mmoja mpole anaitwa SALIM TINI. Mweke sura ya kwanza, hakuna atakayeshtuka.

Pendo_K: 😳 naiiba

mpenda upelelezi: Yule mpelelezi Bwana Msa je?

Mwandishi: Msa peke yake ni herufi za mwanzo za Muhammad Said Abdulla wa Zanzibar aliyemtunga, kwa hiyo jina lilikuja na fumbo lake. Ukiweka na Bwana: NASA MBWA. Kuna na MBWA SANA, hiyo usiisome mbele ya Wazanzibari.

mpenda upelelezi: Mpelelezi mwingine, Joram Kiango, nimepata KIJORA, NGOMA.

Mwandishi: Nimehesabu, imetimia. Ila haimgusi Joram hata kidogo.

Binti Shela: Umekwepa Fumo Liyongo au nimeruka mstari?

Mwandishi: Limenishinda. Nachomoa MOYO, nabaki na FULINGO. Nachomoa MFUNGO, nabaki na L, I, Y, O, O. Anayeweza aje.

Binti Shela: Nimekaa nalo tangu alasiri. FYONGO ULIMO. Yaani mahali ulimo mambo yamekwenda fyongo. Nimemfikiria mamake Liyongo anavyomwambia mwanawe aliye gerezani, kabla tupa ya kukatia minyororo haijafichwa kwenye mkate.

Mwandishi: F, U, M, O, L, I, Y, O, N, G, O. Zote zimekatwa, O tatu zimekaa. Dada, umeanzia wapi?

Binti Shela: Kwa Y. Nilijiuliza Y inapenda kukaa na nani. Nikajaribu NY, ikagoma, nikaileta kwa F.

Mwandishi: Hiyo inaingia hatua ya 5: anza na herufi sumbufu kuliko zote. Nahariri sasa hivi.