Kupima joto la injini ya kusaga kwa ndoo, mizani na saa

Injini ya mashine ya kusaga ikiletwa hapa Unga Limited, Arusha, kwamba "inachemsha", mafundi wengi hugusa silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini) au kuilenga kwa kipimajoto cha bastola. Hapo umejua ukali wa joto tu. Ni kiasi gani linahamia kwenye maji, bado hujui.

Chomoa mpira unaorudisha maji kwenye pipa la kupozea injini, kisha unganisha maji ya bomba na tundu la kuingilia lililo chini ya injini. Tega themokapo (waya za kupimia joto) mbili, moja yanapoingia maji, nyingine yanapotoka, ncha ziguse maji na si chuma. Zijaribu kwanza kwenye sufuria inayochemka. Arusha tuko mita kama 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo zisome karibu nyuzi 95. Kijana wangu mmoja alitaka kuzirudisha dukani kisa hazifiki 100!

Washa, mimina mahindi. Injini isiyo na mzigo haikupi jibu la maana. Bana koki kidogo kidogo mpaka maji yanayotoka yatulie kwenye nyuzi 70. Yakiwa bado yanapanda na kushuka, subiri, maana chuma chenyewe kinameza joto au kinalitema. Na usifungulie maji baridi kwa pupa injini ikiwa ya moto, hedi itapasuka.

Sasa kinga maji, uyapime kwa mizani ileile ya mahindi. Usiamini alama ya ndoo, maji ya moto hutanuka. Tuseme yanaingia na nyuzi 20, yanatoka na 70, na kilo 20 zimepatikana kwa dakika 16. Kila kilo hubeba kilojuli 4.19 kwa nyuzi moja: 20 × 4.19 × 50 ni kilojuli 4,190. Gawa kwa sekunde 960, ni kilowati 4.4 hivi.

Dizeli ipime kwa chupa yenye alama. Lita 1.2 kwa saa, kila lita ikiwa na megajuli kama 36, ni kilowati 12. Maji yamechukua asilimia 36. Kawaida ni kama theluthi. Ikizidi sana hapo, mimi huanza na gasketi ya hedi: mapovu kwenye maji yanayotoka ni gesi inayovuja. Kisha natazama muda wa nozeli kupuliza dizeli ndani ya silinda.

Ukitaka joto linalopita kwenye ukuta wenyewe, toboa hedi matundu mawili, moja lizidi jingine kina kwa milimita 5, uingize themokapo. Chuma cha kusubu hupitisha wati kama 50 kwa mita kwa nyuzi. Tofauti ya nyuzi 20 ni kilowati 200 kwa mita ya mraba. Huo ni wastani. Mruko wa joto wa kila mlipuko ndani ya silinda ni wa kasi mno, waya huu wa kawaida hauuoni. Usitoboe hedi ya mteja, tafuta injini ya kujifunzia.