Miche ya kabichi kwenye friji

Ukitaka kuchavusha aina mbili za kabichi kwenye kishamba chako cha Rongai au Kahawa, kinachosumbua ni kalenda: moja imechanua, nyingine bado ni majani matupu. Friji kuukuu itakutoa hapo.

Kabichi haichanui mpaka ionje baridi ya kutosha, na Nairobi, hata ile Julai ya masweta, baridi mara nyingi haifiki. Ngoja shina la mche likaribie unene wa penseli, kisha uuweke kwenye nyuzi 4 hadi 7 kwa wiki 6 hadi 10. Ukiuingiza ungali na majani mawili, baridi hiyo hauihesabu, unadumaa tu. Lakini kudumaa huko nako kuna kazi: ndivyo unavyoichelewesha aina inayowahi ili imsubiri mwenzake. Kabichi ya Kichina usiifanyie hivyo, hiyo huhisi baridi tangu mbegu inapochipua.

Lebo andika kwa penseli! Mimi nilitumia biro, unyevu ukaifuta, nikabaki na trei nzima ya miche isiyo na majina na wiki saba za stima zimeenda bure.

Maji kidogo sana, taa ndogo ya LED, na ndizi mbivu zisiingie humo. Gesi yake hupukutisha majani. Ukiitoa miche, ikae kivulini siku tatu nne kabla ya jua kali.

Viazi vitamu na mihogo usijaribu. Chini ya nyuzi 10 huumia.