Namna ya Kupendana na Kufunga Ndoa Pasipo Dini

Katika posa nyingi za Tanzania Bara, mshenga akishamaliza kueleza ukoo na kazi ya kijana, huulizwa: "Na anasali wapi?" Swali hilo halina ubaya. Wazazi wa binti wanataka kupima tabia ya mtu wasiyemfahamu, na kwa miaka mingi dini imekuwa njia ya mkato ya kuipima. Mshenga akijibu kwamba kijana hasali popote, wazee husikia jambo jingine kabisa: kwamba hana adabu, hana anayemwogopa, na kesho atamtelekeza binti yao. Mwongozo huu ni kwa ajili ya wawili ambao mmoja wao, au wote, hawaamini kuwapo kwa Mungu, na wanataka kujenga uhusiano wa kudumu bila kumdanganya mtu. Watu hao si wachache kama inavyodhaniwa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 755,750 waliosema hawana dini. Tanzania haijauliza dini katika sensa tangu mwaka 1967.

Anzeni kwa kuelewana ninyi wenyewe kuhusu kile mnachokiita upendo. Asiyeamini hawezi kusema kwamba mwenzake ameletwa na Mungu, wala kwamba wawili hao waliandikiwa. Anajua walikutana kwa bahati, labda chuoni, labda msibani, na kwamba wangeweza kabisa wasikutane. Wapo wanaoona fikra hiyo ni ya ubaridi. Mimi huiona tofauti, kwa sababu mtu anayejua kwamba hakuandikiwa kuwa nawe, na hata hivyo anarudi nyumbani kila jioni, anarudi kwa hiari yake. Wapo pia wanaodai kwamba wakana Mungu huona mapenzi kuwa kemikali tu. Ni kweli kwamba mwili hutoa homoni ya oksitosini mama anaponyonyesha na watu wanapokumbatiana, lakini kulijua hilo hakupunguzi pendo, kama vile kujua jinsi chumvi inavyoyeyuka hakuondoi ladha ya mchuzi.

Kinachokosekana kwa wasioamini ni mdhamini. Kiapo cha muumini kina shahidi asiyelala, na kimeandikwa tayari na watu waliotangulia. Maharusi hukirudia tu. Wasioamini wana maneno yao, na watu waliowasikia wakiyasema. Kwa hiyo, yale ambayo dini ingeyasema kwa niaba yenu ni lazima myaseme wenyewe, na myaseme waziwazi kabla ya posa: uaminifu kwenu una maana gani, mshahara wa kila mmoja ni wa nani, mzazi akiugua atakaa wapi, mkikosa mtoto mtafanya nini. Kukaa kimya kwa kudhani kwamba "tunaelewana" ni kosa ninaloliona mara nyingi, hasa kwa vijana wanaojivunia kuwa huru na mila.

Jambo la kutokuamini lenyewe lisemwe mapema, na lisemwe kwa upole. Si lazima kuanzisha mjadala wa kuwapo kwa Mungu mbele ya mtu uliyemjua kwa mwezi mmoja. Yatosha kusema: "Mimi sisali, na sitegemei kubadilika. Nakuheshimu unaposali, na naomba usinioe kwa matumaini ya kunibadili." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwa kuwa wengi hukubali kwa mdomo huku moyoni wakingoja siku mwenzao atakapookoka.

Ugumu mkubwa huja mmoja anapokuwa muumini. Sheria ya Kanisa Katoliki inakubali ndoa ya namna hiyo kwa ruhusa ya askofu, na Mkatoliki huahidi kuilinda imani yake na kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika imani hiyo. Asiyeamini haahidi hivyo. Hujulishwa tu kwamba mwenzake ameahidi. Kujulishwa huko wengi hukuchukulia kama utaratibu wa karatasi, kisha miaka mitatu baadaye wanashangaa kwa nini tarehe ya ubatizo imepangwa. Mwombe mwenzako akusomee ahadi hiyo neno kwa neno, kisha mwambie kama utaweza kuishi nayo.

Kwa Waislamu njia ni nyembamba zaidi. Mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kuoa Mkristo au Myahudi, lakini si mkana Mungu, na mwanamke Mwislamu huolewa na Mwislamu mwenzake. Ndiyo maana wengine hutamka shahada wiki moja kabla ya nikahi huku hawaiamini. Siwashauri kufanya hivyo. Anayetamka shahada kwa ajili ya harusi anaianza ndoa kwa kiapo cha uongo mbele ya wakwe zake, na hajui ni Ramadhani ipi itamfichua. Wanaoamua kufunga ndoa ya kiserikali wafahamu pia kwamba, panapotumika sheria ya Kiislamu ya mirathi, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mwislamu anayetaka kumwachia mwenzake kitu anaweza kumwandikia wasia, usiozidi theluthi ya mali yake. Zungumzieni hilo mkiwa wazima.

Ndoa ya kiserikali ndiyo njia iliyo wazi kwa wote. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaitambua ndoa kama muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, unaokusudiwa kudumu katika maisha yao yote. Dini haikutajwa katika tafsiri hiyo. Pelekeni taarifa ya maandishi kwa msajili angalau siku 21 kabla, katika ofisi ya wilaya ambayo watu huiita bomani, ili itangazwe na mwenye pingamizi ajitokeze. Siku yenyewe mtahitaji mashahidi wasiopungua wawili. Chagueni watu watakaothubutu kuwakumbusha ahadi zenu baadaye, wala si marafiki wanaopendeza kwenye picha. Maneno yenu marefu, kama hayatapata nafasi mbele ya msajili, yasomeni ukumbini, pale ambapo mchungaji angehubiri.

Wapo wanaoona hata bomani ni mzigo, wakachagua "sogea tukae", yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa. Wakumbuke kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kwa watu kama mume na mke, sheria huwadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni afadhali kuingia kwa mlango kuliko kujikuta ndani.

Mahari haihusiani na imani, na kuilipa au kutoilipa hakubatilishi ndoa kisheria. Hata hivyo, lipeni ikiwezekana. Wakwe waliokosa mchungaji wasikoseshwe na heshima.

Mkigombana, muumini hukimbilia kwa padri au kwa shehe, na ninyi mtahitaji mtu wa nafasi hiyo. Mteueni mapema: shangazi mwenye busara, au wanandoa waliowazidi umri ambao wote wawili mnawaamini. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo husikiliza migogoro ya ndoa. Na ikifikia hatua ya talaka, sheria inataka shauri lipitie kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo si lazima liwe la kidini, kwani sheria imeweka pia mabaraza ya ngazi ya kata.

Kuhusu watoto, amueni kabla hawajazaliwa kama watabatizwa au watafanyiwa akika, na watahudhuria kipindi gani cha dini shuleni. Bibi akimwombea mjukuu, mwacheni. Mtoto akiuliza kwa nini baba hasali, aelezwe ukweli kwa maneno ya umri wake, na aambiwe pia kwa nini bibi anasali.

Limebaki suala la mazishi, ambalo vijana hulikwepa. Mahali pengi, familia isiyohudhuria jumuiya, yaani kikundi cha waumini wa mtaa wanaosali pamoja, huonywa kwamba wanajumuiya hawatakuja kuzika, na onyo hilo lina nguvu kuliko mahubiri yoyote. Dawa yake ni kushiriki misiba ya wengine: kuchanga, kuchimba kaburi, kukesha, hata kama wakati wa sala mnasimama kimya nyuma. Kisha andikeni, kila mmoja kwa mkono wake na mbele ya mashahidi, mnataka kuzikwa wapi, nani asome wasifu, na kama ibada iwepo kwa ajili ya wazazi watakaobaki. Nakala moja akae nayo mwenzako, nyingine apewe ndugu mmoja wa upande wako, maana siku hiyo wa kwanza kuulizwa atakuwa ndugu huyo.