Kabla hujafunga sanduku la safari ya meli kwenda Alaska

Wengi tukisikia Alaska tunawaza theluji, na sanduku tunalifunga kwa woga wa theluji. Ondoa picha hiyo. Meli za kitalii huenda huko kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Oktoba, na nyingi hupita pwani ya kusini-mashariki, kwenye visiwa na misitu minene. Mwezi wa Julai, Juneau, mji mkuu wa jimbo hilo la Marekani, huwa na nyuzi 18 hivi mchana, na usiku hushuka hadi 10. Mtu mzima aliyevaa vizuri anaihimili bila shida. Kinachowatesa wageni huko ni mvua, na upepo unaokuja baada ya mvua ukikukuta umelowa.

Lakini nianze na karatasi, maana bila hizo nguo hazina kazi. Meli zinazotoka bandari ya Seattle, Marekani, na kurudi Seattle lazima zipitie Kanada, mara nyingi Victoria, hata kama ni kwa saa chache za jioni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya kigeni kuchukua abiria bandari ya Marekani, kuwazungusha na kuwarudisha pale pale bila kugusa nchi nyingine, na meli hizi kubwa karibu zote zimesajiliwa nje ya Marekani. Kwa hiyo kama pasipoti yako ni ya nchi inayotakiwa viza ya Kanada, itafute hata kama hukusudii kushuka melini siku hiyo. Na viza yako ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu ukitoka Kanada unaingia Marekani upya. Nimeona familia ikizuiwa kwenye kaunta ya gatini kwa jambo hili, masanduku yameshafungwa vitambulisho vya meli, watoto wanauliza kwa nini wengine wanapita. Uliza ubalozini, uliza kampuni ya meli kwa maandishi, na uulize miezi kadhaa kabla. Wakala aliyekuuzia tiketi akikwambia "hakuna shida", mwambie akuandikie.

Dawa, miwani, chaja, pasipoti na nguo ya kubadili moja: begi la mkononi. Sanduku kubwa unalikabidhi kwa wapagazi gatini, na linaweza kukufikia mlangoni usiku wakati meli iko katikati ya maji.

Sasa koti.

Shangazi yangu alijiandaa kwa safari hii kuliko sisi sote. Alinunua koti la manyoya ya bata, nene, refu hadi chini ya magoti, na kila tukimgusia habari ya koti jepesi la mvua alijibu, "Mwanangu, baridi si kitu cha kuchezea." Bandari yetu ya kwanza ilikuwa Ketchikan. Mji ule hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, na siku ile tulipata sehemu yetu tangu kwenye ngazi ya meli. Haikuwa mvua ya kishindo. Ilikuwa ya taratibu, isiyokatika, na watu wa pale walikuwa wakitembea ndani yake bila mwavuli kama vile haipo. Shangazi alikuwa na koti lake, suruali ya jinzi na raba za kitambaa. Baada ya saa mbili koti lilikuwa limekunywa maji hadi mikono ikawa inamlemea, na manyoya yamegandamana mabonge mabonge kwenye pindo.

Tukadhani litakauka. Vyumba vya meli ni vidogo, na chetu hakikuwa na roshani. Bafuni kuna kijikamba kimoja cha kuanikia soksi na chupi, basi. Tulilitundika mlangoni likachuruzika usiku kucha. Kesho yake Juneau lilikuwa bado bichi na limeanza kunuka. Akalivaa hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na jingine.

Halafu ikaja siku ya Glacier Bay, ghuba ya barafu iliyo ndani ya hifadhi ya taifa, siku ambayo alikuwa akiingoja mwaka mzima. Pale meli haitii nanga mjini, na hakuna duka la kukimbilia. Inaingia ndani ya ghuba, walinzi wa hifadhi wanapanda melini na kueleza mnachokiona, kisha meli inasimama mbele ya ukuta wa barafu mkingoja. Kwanza unasikia mlio kama wa radi iliyo mbali, ndipo kipande kinaporomoka majini. Ili uusikie sawasawa lazima uwe nje, sitahani, na upepo unaoshuka kutoka kwenye barafu ile ni mkali kuliko popote pengine kwenye safari. Shangazi alitoka, akasimama dakika chache amejifunika blanketi juu ya koti bichi, meno yakaanza kugongana, akarudi ndani. Saa zote zilizobaki alitazama kupitia kioo, huku watu wa nje wakishangilia kitu ambacho yeye hakukisikia. Skagway hakushuka kabisa. Alilala na homa, na tiketi yake ya treni ya mlimani ikapotea bure. Nilikasirika, si kwa ajili yake, bali kwa sababu aliyemuuzia koti lile alijua anakokwenda na hakumwambia neno.

Manyoya hutunza joto kwa kushika hewa katikati yake. Yakilowa hulala, hewa hutoka, na unabaki umebeba maji. Pamba nayo hufyonza maji na kukawia kukauka, na jinzi ni pamba. Sufu hulowa pia, lakini huendelea kukupa joto, na vitambaa vya kutengenezwa kiwandani kama poliesta hukauka upesi. Kwa hiyo vaa kwa tabaka. Chini kabisa fulana nyembamba ya mikono mirefu ya sufu au poliesta. Katikati sweta. Juu koti jepesi lisilopitisha maji kabisa, lenye kofia yake, na liwe pana kiasi cha kuingia sweta mbili chini yake. Kabla ya kulipa, soma kibandiko: "kinga dhidi ya maji kiasi" si sawa na "haipitishi maji". Ukifika nyumbani simama nalo chini ya bomba la kuogea dakika kumi. Likivuja, rudisha. Ukipenda chukua na koti la manyoya, jembamba, la kuvaa ndani ya lile la mvua, si badala yake. Mwavuli uache, upepo wa bandarini utaugeuza.

Ongeza suruali nyepesi ya mvua ya kuvaa juu ya nguo, kofia ya sufu, glavu, na soksi za sufu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Viatu jozi mbili za kutembelea, ili moja ikilowa nyingine iwe kavu. Hali ya hewa hubadilika mara tatu kabla ya chakula cha mchana, basi kila unaposhuka beba begi dogo la mgongoni la kuwekea sweta unayoivua na utakayoivaa tena. Na usidanganywe na jua la asubuhi.

Zaidi ya hapo usibebe sana. Skagway ndiko walikopita watafutaji dhahabu waliokuwa wakienda Klondike, Kanada, mwaka 1897 na 1898, na polisi wa Kanada hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka bila chakula cha mwaka mzima. Mzigo wa mtu mmoja ulikaribia tani. Wewe meli inakulisha na kukupa taulo. Nguo moja ya heshima kwa chakula cha jioni inatosha.

Darubini, kila mtu yake. Nyangumi hangoji mpokezane.

Kitambaa cha kufunika macho: mwezi wa Juni jua la Juneau huzama saa nne usiku hivi.

Dawa ya kichefuchefu inywe kabla bahari haijachafuka. Ukishaanza kutapika umechelewa. Meli za Seattle hupita bahari ya wazi magharibi mwa kisiwa cha Vancouver, na huko huyumba zaidi kuliko zile zinazoanzia Vancouver na kupita njia ya ndani iliyokingwa na visiwa. Pasi ya nguo na mishumaa usilete, watavichukua mlangoni. Simu iweke kwenye hali ya ndege mkiwa baharini, la sivyo inaweza kujiunga na mtandao wa satelaiti wa meli na kukuletea bili ya kutisha.

Bima ni lazima, na iwe inayolipia kusafirishwa mgonjwa hadi hospitali. Daktari wa meli hulipwa, na si kidogo.

Saa za kurudi melini zisome kila asubuhi, kwa saa ya meli, maana Alaska iko nyuma ya Seattle kwa saa moja na simu inaweza kukuchanganya. Meli haikungoji. Juneau haina barabara inayoiunganisha na mji mwingine. Ukiachwa unatoka kwa ndege au kwa feri. Treni za Skagway zinazovuka kuingia Kanada zinataka pasipoti, usiiache chumbani siku hiyo. Usiku wa mwisho watakuomba uweke sanduku nje ya mlango kabla hujalala, na hutaliona tena hadi gatini, kwa hiyo tenga kwanza nguo na viatu vya asubuhi. Nimemwona mtu akishuka na nguo za kulalia. Dawa za asubuhi pia, na funguo za nyumbani, na koti la mvua, maana hata gatini huweza kunyesha.