SOMO: Viazi vya maziwa na dili kama wanavyopika Waswidi

Habari za sa hizi wadau. Kuna mtu alinibana nilete pishi la huku Uswidi ambalo siyo zile kababu za mviringo ambazo kila mtu anazijua, basi leo naleta viazi. Na niseme mapema kabisa, dili ninayoongelea siyo ile dili ya mjini ya kupiga hela, ni jani hili, jembamba kama nywele, harufu yake inakaribiana na shamari, wazee wa pwani wanaliita shibiti. Chakula chenyewe Waswidi wanakiita dillstuvad potatis, na hilo neno stuvad maana yake kitu kimelazwa kwenye rojo la maziwa, wana makaroni ya hivyo pia na watoto wanayapenda balaa.

Mi nilikijulia Göteborg nikiwa msaidizi wa jikoni kwenye nyumba moja ya kulelea wazee. Siku ya kwanza nimeachiwa sufuria peke yangu nkasema hii nayo ni kazi? Nkakata viazi vibichi nkatupia humo na maziwa na unga na dili lote, nkafunika, nkaenda kuosha vyombo. Kuja kufunua nina mtori wa kijivu na majani yamelegea kama kisamvu cha jana. Bibi mmoja akarudisha sahani, wala hakugomba, alinyanyua kijani kimoja na uma akaniangalia, akasema taratibu dili likichemka linakufa. Hilo neno ndo somo lenyewe, haya mengine ni maelezo tu.

MAHITAJI (watu 4)

Viazi mviringo kilo moja kasoro kidogo, siagi vijiko vikubwa 2 (siagi ya maziwa ya kweli, siyo ile ya kopo ya kupaka mkate), unga wa ngano vijiko vikubwa 3, maziwa nusu lita yenye mafuta yake, chumvi, pilipili manga nyeupe, kungumanga ya kukwangua kidogo sana, na dili fungu moja zuri, likikatwakatwa lipatikane kama nusu kikombe. Ukiwa na krimu toa maziwa kidogo uweke krimu mahali pake, huna usihangaike.

Kuhusu viazi hapo nikae kidogo maana ndo watu wengi wanaharibu. Huku dukani mfuko umeandikwa kabisa, fast ni vile vigumu vinavyobaki na umbo lake, mjölig ni vya unga unga vinavyomeguka. Unataka fast. King Edward kwa mfano ni kitamu lakini ni cha unga, kipeleke kwenye kuponda. Kwa nyumbani sokoni hakuna maandishi kwa hiyo muulize muuzaji akupe vinavyovumilia mchuzi bila kumeguka, na mara nyingi vile vidogo vichanga vyenye ngozi laini vinafaa kuliko yale madude makubwa ya chipsi.

HATUA YA KWANZA. Chemsha viazi na maganda yake, vizima, maji yenye chumvi. Dakika 20 hivi inategemea ukubwa, chomeka kisu, kikiingia bila ubishi epua. Mwaga maji, acha sufuria wazi mvuke utoke, menya vikiwa na uvuguvugu halafu kata vipande vya kuingia mdomoni mara moja. Ganda linazuia maji yasiingie kwenye kiazi, kiazi kikilewa maji rojo lako litakuwa jepesi hata ufanyeje.

HATUA YA PILI, rojo. Hapa usishike simu. Yeyusha siagi moto mdogo, isibadilike rangi, weka unga wote, koroga dakika moja mpaka iwe kama tope laini linalotoa vipovu. Sasa maziwa, na maziwa yanaingia kidogo kidogo, mmimino wa kwanza kama robo kikombe tu, utaona linakaza ghafla kama donge la ugali, usiogope ndo linavyotakiwa, koroga mpaka lilainike ndo uongeze tena, na tena, likishakuwa kama uji mzito unaweza kumimina yaliyobaki yote. Acha lichemke polepole dakika 4 au 5 huku unakoroga mpaka chini, maana ukiwahi kuepua utasikia unga mbichi kwenye ulimi, na watu watakula kwa adabu tu. Kupima, chovya mwiko, pitisha kidole mgongoni kwake, mstari ukibaki wazi lipo tayari.

Tia chumvi, pilipili manga nyeupe (ya nyeupe kwa sababu hawataki vidoa vyeusi kwenye rojo, ukiwa na nyeusi tu weka, hutokamatwa) na kungumanga. Hiyo kungumanga ilinifurahisha sana, hawa watu wa baridi hii na mila zao wanakwangua kitu kinachoota Unguja.

HATUA YA TATU. Viazi ndani ya rojo, geuza na mwiko wa mbao kwa upole, vipate moto dakika 2.

HATUA YA NNE. ZIMA MOTO. Umezima? Haya sasa weka dili. Geuza mara mbili tatu, funika dakika moja, pakua. Rojo linabaki jeupe, majani yanabaki kijani, na harufu inakupiga ukifunua. Bakiza kidogo unyunyize juu.

Wenyewe wanakula na samaki lax (yaani samoni) wa kuvuta moshi, au yule wa gravlax ambaye hapikwi, analazwa kwenye chumvi, sukari na dili hilohilo. Wengine na soseji ya isterband, ina uchachu fulani na moshi.

Na msidhani hivi viazi ni vya asili yao. Alingsås hapo, mji mdogo jirani na Göteborg, ndo Jonas Alströmer alihangaika kuvipanda na kuvipigia debe miaka ya 1720 na watu wakavinunia. Akaja Eva Ekeblad mwaka 1746 akaonyesha vinatoa unga na pombe, mwaka 1748 akaingizwa kwenye Akademia ya Kifalme ya Sayansi, mwanamke wa kwanza, ana miaka 24. Mi nadhani ile pombe ndo iliwalainisha wengi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Mwanza: Mkuu, lax huku hatuna, na sisi hatuli nguruwe, hiyo soseji ni ya nini?
Jibu: Isterband ni nguruwe, iache kabisa. Ila wewe wa Mwanza ndo unauliza samaki? Chukua sangara wa kukausha kwa moshi, mpashe, mchambue miba, mlaze pembeni. Kinachotafutwa ni moshi na chumvi vikutane na utamu wa maziwa, hiyo hata Mswidi mwenyewe hatobisha.

Mama wa Tanga: Shikamoo mpishi au marahaba sijui umri wako, naweza kuweka tui la nazi badala ya maziwa?
Jibu: Shikamoo mama, mi mdogo. Unaweza, na litakuwa tamu, lakini hapo umepika mbatata za nazi ambazo wewe unazijua kuliko mimi. Usiwaambie wageni ni chakula cha Uswidi tu.

Dada aliyeko Muscat: Dili nalipataje huku?
Jibu: Dadangu limekuzunguka. Kwenye mboga za majani uliza shibit, ndo hilohilo, Wairani wanaliweka kwenye wali na baghala, yale maharage mapana.

Mdau wa Iringa: Huku viazi vipo vya kumwaga ila hilo jani sijawahi kuliona.
Jibu: Tafuta mbegu, linaota kwenye kopo dirishani, wiki moja mbili limechomoza. Panda palepale litakapokaa maana halipendi kuhamishwa. Ukipata la kukausha tumia theluthi ya kipimo, nalo litie na rojo likiwa jikoni dakika ya mwisho ili lilainike. Au weka majani ya vitunguu au pasili, Waswidi wanafanya hivyo pia, jina tu linabadilika. Kotmiri hapana, inapeleka chakula kwenye kachumbari.

Mdau wa Nairobi: Sos yangu imejaa madonge kama ya uji wa shule, nitupe?
Jibu: Usitupe. Epua, chapa kwa nguvu na mchapo (ule wa kupigia mayai), yakigoma pitisha kwenye chujio la chai, rudisha jikoni. Na next time usimwage maziwa yote kwa hasira.

Mama wa Tanga tena: Nimepika. Mjukuu kala, mzee kauliza mbona haina pilipili. Vilivyobaki asubuhi vimeganda kama saruji, nifanyeje?
Jibu: Weka maziwa robo kikombe, moto mdogo, geuza bila kuponda, vitalegea. Dili jipya kidogo juu baada ya kuzima. Mzee mpe pilipili yake ya ndimu pembeni, mi mwenyewe ndo ninavyokula.